Kata ya Posa

Siku hizi jiko ndilo linalohesabu kalori za nyumba nzima. Akinywa mmoja, wote tunapunguziwa chakula, na tukivuka kiwango haliwaki. Ndiyo maana mume wangu, Ndelamio, alishazoea bia nyepesi isiyo na ladha. Anainywa amekunja uso kama anayemeza dawa.

Jumamosi watu wa upande wa kijana anayemposa binti yetu walileta mbege, pombe nzito ya ndizi na ulezi. Kwetu baba wa binti akimaliza kibuyu cha kwanza, yaani kata ya kwanza, posa imekubaliwa. Ndelamio aliipokea, akalitazama jiko, akalowesha midomo tu na kuirudisha.

"Nimeshiba, jamani," alisema.

Wageni walitazamana. Wakashukuru kwa adabu, wakabeba pombe yao, wakaondoka.

"Nisingeweza kuwalaza njaa, Mama Aikande," akaniambia, macho chini.

Nilikaza kanga yangu tumboni. Binti yetu aliinuka kuwasha jiko. Likawaka mara moja, na kwa ile sauti yake ya upole likatutangazia kwamba leo tuna chakula cha kutosha.

"Mimi na mama hatujala tangu jana, baba," Aikande alisema. "Tulikuwekea nafasi ya ile kata."