Neno Lenye Nyusi

Bibi harusi, Zawena, alikuwa amelala mkekani akitindwa nyusi, wifi yake mtarajiwa, Salha, alipoingia bila hodi.

"Kaka kasema zinyolewe zote," Salha alimwambia mtindaji. "Kuna neno la Kizungu, supasilias. Maana yake mtu mwenye dharau. Asili yake neno la Kilatini, maana yake nyusi. Anasema dharau ya Zawena inakaa papo hapo."

"Kaka yako kakaa ng'ambo miaka yote ile," alisema Zawena bila kufumbua macho, "karudi na nyusi?"

"Usiponyoa, hakuna ndoa. Na shehe keshafika."

"Mwanamume anayemtuma dada yake aje kunyoa watu, Kizungu kina neno lake?"

Mtindaji alichekea puani, kisha akajikohoza.

"Wifi, usinichezee," alisema Salha.

Zawena aliketi. Nyusi ya kushoto ilikuwa imeshatindwa, nyembamba kama uzi. Ya kulia ilikuwa bado nene. Aliinua hiyo ya kulia, taratibu, akamtazama Salha tangu ushungini hadi miguuni.

Nyuma ya pazia, shehe aliuliza kama bibi harusi ameridhia kuolewa.

Nyusi haikushuka.