Khole wa Kuazima

Bimdogo alimsukuma binti yake Khole nyuma ya pazia, akamwonya asipige hata chafya. Kisha akamketisha mkekani Fakhria, mke wa mwanawe Nasor, akampa maagizo: leo wewe ndiye Khole, angalia chini, usiseme neno.

Hodi ilikwisha kupigwa. Balozi wa nyumba kumi alikuwa barazani na nesi Apolinaria, aliyekuwa akizunguka mtaa wa Cheyo kuchanja watu ndui. Balozi huyo, mdomo wake hauna breki, ndiye aliyemwambia nesi kuwa kwa Bimdogo kuna msichana mkubwa ambaye akili yake haikukua pamoja na mwili. Na nesi alikuwa na utaratibu wake kwa watu wa namna hiyo. Hakuwakamata mikono na miguu na kuwachanja kwa nguvu. Aliwaeleza kwanza, polepole, mpaka waelewe. Tena hakuishia kwenye ndui. Aliwafundisha na mambo ya miili yao, maana aliwahi kuona wengine wakibeba mimba wasijue imetoka wapi.

Hapo ndipo Bimdogo alipokataa katakata. Khole, ambaye hata kanga anafungiwa, aambiwe habari za wanaume? Astaghfirullah! Mtoto hajui kitu, na abaki hivyo hivyo. Serikali ikitaka kufundisha, imfundishe huyu Fakhria, ambaye hana faida nyingine. Mwaka wa pili huu yumo ndani, kanyweshwa mizizi ya kila mganga, na tumbo kimya. Bimdogo alikwisha kukata shauri: mwezi ukiandama, mgumba huyu anarudi kwao Urambo na Nasor anaoa mwingine. Fakhria alilijua hilo. Alikuwa akilia jikoni, akisingizia moshi.

Nesi aliingia peke yake, akatoa shikamoo, akakaa mkekani. Alitoa mwanasesere wa kitambaa, akamchoma begani. Patauma kidogo, akasema, patatoa kidonda, usipakune, na ndui haitakupata. Unakubali? Fakhria akaitikia kwa kichwa, akachanjwa.

Kisha nesi akatoa mwanasesere wa pili, wa kiume, akawalaza wote wawili chini ya kipande cha kanga.

"Mume na mke wakilala pamoja hivi, mimba inaweza kuingia," alisema taratibu. "Wasipolala pamoja, haiingii. Na mtu yeyote asikulaze hivi kama wewe hutaki."

Bimdogo alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio asicheke. Masikini nesi wa watu! Anajichosha kumfundisha mwanamke aliyeolewa, na mwenyewe Khole yuko salama salimini na ujinga wake. Alijiona kawaweza, yeye na Serikali yake.

"Umeelewa, Khole?" nesi aliuliza.

Pazia likafunguka. Khole alitoka amekunja mkono wa gauni mpaka begani, anatabasamu.

"Nimeelewa," akasema. "Mama, usimrudishe wifi kwao. Mimba itaingiaje? Kila ukishalala wewe, kaka Nasor hutoka kwenda zake, na wifi huja kulala kwangu."