Kifua cha Nyati

Enzi zile wanyama walipokuwa wakishindana mieleka, Kulungu mmoja hakuwa na wa kumweza mazoezini, ila siku ya pambano miguu ilimtetemeka mpaka meno yakagongana. Safari hii alipangiwa Nyati, bingwa ambaye mgongo wake haujawahi kugusa mchanga.

Desturi iliwataka wapinzani kusalimiana kwa kutegeana sikio kifuani. Kulungu akajisemea, "Nimekwisha! Atausikia moyo wangu, awatangazie wote wanicheke."

Nyati akainama, akasikiliza kwa muda mrefu, asicheke. "Zamu yako, mwanangu," akasema.

Kulungu akaweka sikio kwenye kifua kile kipana, akaduwaa. Humo ndani moyo ulikuwa ukidunda kwa kishindo kikubwa kuliko wake.

"Mzee! Hata wewe unaogopa?"

"Kila mara," Nyati akanong'ona. "Wale ambao mioyo yao ilikuwa kimya niliwabwaga kabla vumbi halijatimka. Leo ndiyo nimepata wa kupambana naye."

Wakaingia uwanjani. Ardhi ikatetemeka, na watazamaji hawakujua ni kwa miguu ya nani.