Jamvi Halijakauka

Khatibu aliingia ukweni akiwa ameshajiandaa kuvumilia. Alizaliwa na hemofilia, maradhi ya damu isiyoganda upesi, na mwezi uliopita goti lake la kushoto lilikuwa limevuja damu kwa ndani. Daktari alimkataza kulikunja sana. Lakini mkwe gani atakaa kitini wazee wakiwa wamekaa chini? Alishamwomba mkewe, Zuwena, asiwaambie kitu.

Hakukuta jamvi. Sinia la pilau lilikuwa juu ya meza, na wazee wote wamekaa kwenye viti vya kuazima. Baba mkwe alikuwa akihangaika, hajui miguu aiweke wapi.

"Jamvi nimeliosha, halijakauka," alisema mama mkwe, Bi Rukia. "Leo mtanistahimilia."

Kupitia mlango wa uani, Khatibu aliliona limekunjwa ukutani, kavu, na vumbi lake. Akamtazama Zuwena. Zuwena akainamia sinia.

"Ahsante, mama," Khatibu alisema, akaketi, akaunyoosha mguu.

Huku akimpakulia baba mkwe pilau, Bi Rukia alisukuma kigoda kwa mguu, taratibu, mpaka kikafika chini ya kisigino cha mkwewe.