Fundi Kwenye Foleni

Mzee Spana alijua ugonjwa wa pikipiki yake kabla hata hajashuka: plagi imejaa masizi. Ilikuwa kazi ya dakika tano kwa mtu aliyetengeneza pikipiki za mji mzima kwa miaka arobaini. Spana ya plagi ilikuwa mfukoni, imepata joto la paja lake.

Ng'ambo ya barabara, bintiye alikuwa na wiki tatu tangu afungue gereji. Wengi walifika mlangoni, wakamwona mwanamke mwenye grisi hadi viwikoni, wakakumbuka ghafla kwamba wana safari nyingine. Hata sasa wanaume wawili walisimama pale na pikipiki zao, mguu ndani, mguu nje.

Mzee aliitoa spana, akaizungusha kidoleni mara moja, akairudisha mfukoni. Kisha akaisukuma pikipiki kuvuka barabara, taratibu, kusudi kila mwenye macho aone.

"Shikamoo, baba. Kwani imekushinda?"

"Marahaba. Kinyozi hajinyoi, mwanangu."

Binti alimkazia macho, akaelewa, akakimeza kicheko. "Basi kaa kwenye benchi. Nina kazi ya mtu hapa, nikimaliza nakuja kwako."

Yeye, kuambiwa asubiri! Mzee alikaa, kifua mbele kama bwana harusi.

Mmoja wa wale wawili alimsogelea. "Mzee, si wewe ndiye fundi mwenyewe?"

"Fundi mwenyewe yule pale," Mzee Spana alisema. "Mimi ni mteja. Foleni inaanzia nyuma yangu."