Saini ya Mwisho ya Bibi Namsifu

Jamani, niliingia kwa bibi hata viatu sijavua! Siku hizi hafi mtu mpaka wazao wake wote wamsainie kibali cha kufa, na bibi yangu Namsifu, miaka mia na thelathini, alibakiza saini yangu tu. Mwaka mzima nilimbishia kwa falsafa za chuoni.

“Bibi, ukifa hupo tena, basi.”

“Mjukuu wangu, Yesu ananingoja, we unanivuta kanga.”

Leo nilikuja kumsainia. Ila habari ilinitoka kwanza.

“Bibi, nina mimba!”

Akapiga vigelegele, akanikumbatia. Kisha akauliza taratibu, “Huyo naye atasaini akiwa na miaka mingapi?”

“Kumi na minane.”

Akatabasamu, akachukua gauni jeupe la kuzikiwa alilolipiga pasi jana, akaanza kulikunja alirudishe sandukuni.