Koti Lisilo na Kitanzi

Jumba la opera na baleti la mji ule lilijengwa na mfalme, likaungua mara mbili, likapakwa dhahabu mara tatu. Katika enzi zote hizo hakuna aliyeingia ukumbini na koti, wala koti lisilo na kitanzi cha kutundikia kwenye ukosi halikutundikwa. Bi Glafira, mtunza makoti, hakukusudia kuivunja sheria leo.

"Mama, nakusihi!" alilia mgeni mmoja, koti lake la manyoya halina kitanzi. "Binti yangu anacheza kwa mara ya kwanza!"

"Hata mfalme alirudishwa nyumbani akashone kitanzi, baba."

Kengele ya mwisho ikalia. Milango ilikuwa ikifungwa. Glafira akampokonya lile koti la manyoya, akalivaa mwenyewe.

"Limeshatundikwa. Kimbia!"

Muziki ukaanza. Glafira akasimama wima kati ya misumari ya kutundikia makoti, jasho likimtiririka, asithubutu kushusha mabega.